Sabufa ya Chumba cha Nyuma

Wapendwa, kaeni vizuri. Mlioko nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi. Leo sianzi na Neno, Neno linakuja. Leo naanza na duka.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mtu wa sala, mtu wa kwaya, mtu wa kufika ibada ya kwanza kabla mzee wa kanisa hajafungua mlango. Tumwite Mama Nsia. Msigeuke kutazamana, huyu si wa usharika wetu. Na kama humu ndani yumo Mama Nsia, anisamehe, jina nimeliokota tu njiani.

Mama Nsia aliishi katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na marehemu mumewe, kwenye mtaa wa kimya wa mji usio mkubwa. Mbele ya nyumba yake palikuwa na ghala kuukuu la kahawa, limefungwa tangu enzi na enzi, wapangaji wake ni popo. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichochoro chembamba, kile ambacho watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu, na ng'ambo ya kichochoro ilikuwa nyumba ya Mama Kundaeli.

Hawa wawili walikuwa majirani wa kweli. Huyu akiishiwa chumvi, anajua ipo kwa mwenzake. Yule akienda shambani, funguo anaziacha kwa huyu. Nsia, binti pekee wa mama huyu, ameolewa Dodoma, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo ukisema ndugu wa Mama Nsia, ulikuwa unamsema Mama Kundaeli. Tena kwa Mama Kundaeli alikuwako mama yake mzazi, bibi kizee ambaye ndiye aliyemfundisha Mama Nsia kuimba sauti ya pili, siku zile alipoletwa pale bi harusi, haya zimemjaa, kwenye kwaya hajui amfuate nani. Bibi alikuwa akimwambia, "Nisikilize mimi, mwanangu. Ukinisikia mimi, hupotei."

Sasa mnaijua desturi yetu. Hata awe jirani wa kula sahani moja, mtu haingii kwa mtu kama ng'ombe aingiavyo zizini. Unasimama mlangoni, unapiga hodi. Ukiitikiwa karibu, unavua ndala, unaingia. Usipoitikiwa, unapiga ya pili. Ya tatu ikipita kimya, unarudi kwako taratibu. Hodi ya nne ni ya mkorofi au ya mtu anayekudai. Si ndivyo tulivyolelewa?

Basi. Siku moja wakaja watu na matingatinga, wakalibomoa lile ghala, popo wakatafuta pa kwenda, na mahali pale likainuka duka. Nisiposema kubwa mtanielewa vibaya. Supamaketi ya ghorofa, vioo vitupu, ina unga upande huu, majokofu upande ule, viatu vya watoto juu. Siku ya kufunguliwa mtaa mzima ulikwenda kushangaa. Mama Nsia naye alikwenda, akanunua sabuni, akarudi akisema maendeleo yamefika.

Kesho yake alfajiri, maendeleo yakamwamsha. Lori la bidhaa lilikuwa linaingia kinyumenyume uani kwa duka, na malori haya ya siku hizi yakirudi nyuma yanalia kama yamechomwa mwiba. Tii, tii, tii. Vijana wakaanza kushusha makreti ya soda wakiyatupiana na kuitana kana kwamba kila mmoja yuko kilima chake. Kukipambazuka, mlangoni kwa duka zikawashwa spika mbili ndefu kuliko mtu, na kijana mwenye kipaza sauti akaanza kuwatangazia walio hai na wafu kwamba mafuta ya kula yameshuka bei. Umeme ukikatika, na mnajua umeme wetu, jenereta linaunguruma ukutani, sufuria za Mama Nsia zinacheza kabatini. Yule mama alikuwa na saa yake ya sala, asubuhi, kabla ya chai. Akifumba macho akasema "Baba yangu", kijana wa spika anamjibu, "Karibuni wateja!"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Alilia, wapendwa, kwa sababu tangu mumewe afariki kile kimya cha asubuhi ndicho kilichokuwa kimembakiza mtu. Ndicho alichokuwa anakigombania, na hakuwa na kingine.

Alijaribu mengi. Alifunga madirisha ya mbele, akayatundikia mablanketi. Alitia pamba masikioni, maziwa yakamchemkia na kumwagika jikoni asisikie. Mwishowe akaihama sebule yake mwenyewe. Akahamisha kiti, meza ndogo na kitabu chake cha nyimbo, akaingia chumba cha nyuma, kile kinachotazamana na kichochoro, kwa kuwa huko kelele za duka zilikuwa zinafika zimechoka kidogo. Akayafungua madirisha ya huko apate hewa.

Nsia aliposikia kwenye simu jinsi mama yake anavyoteseka, alimtumia zawadi kwa basi. Sabufa. Nyie vijana mnazijua, lile boksi kubwa na spika zake ndogo, likigonga, kifua cha mtu kinaitikia. Ndani yake kijana mmoja wa mtaa akamchomekea flashi iliyojaa kwaya na mahubiri. Nsia akasema, "Mama, usiwape nafasi. Wakiwasha yao, nawe washa ya Bwana."

Mama Nsia akaiweka sabufa kwenye chumba cha nyuma, juu ya kasha la mninga, karibu na dirisha. Spika za duka zikiwashwa, naye anawasha. Kijana akisema mafuta yameshuka, kwaya inamfunika. Lori likilia tii, tii, mhubiri anapandishwa sauti mpaka lori lisisikike. Mama yule akapata nafuu ya ajabu. Akawa anapika huku anaimba, anafua huku anaitikia amina. Aliona Mungu amempa silaha, naye anaitumia. Na mimi nawauliza, kosa lake liko wapi hapo? Hakucheza muziki wa baa. Hakumtukana mtu. Nyumba ilijaa sifa kutoka asubuhi mpaka jua linapozama.

Lakini kuna jambo lililoanza kumsumbua. Mama Kundaeli hakuja tena.

Mwanzoni Mama Nsia hakulitilia maanani. Yule bibi kizee alikuwa amepata kiharusi, upande mmoja umelegea na sauti imebaki nyembamba kama uzi. Mama Nsia mwenyewe alikwenda kumpa pole siku alipotolewa hospitali, akapeleka sukari na unga wa uji, akakaa, akaomba, akarudi. Baada ya hapo akangoja. Mnaielewa hesabu ya wanawake: mimi nimekuja, zamu ni yako. Juma likapita, na jingine. Wakikutana njiani, Mama Kundaeli anatazama kama mtu mwenye neno kinywani, halafu anatazama watu waliopo, neno analimeza. Mama Nsia akawa anaitikia salamu kwa ncha ya ulimi na kupita.

Halafu zikaja habari kwamba Kundaeli, yule kijana wa jirani, amepata kazi dukani, anapanga vitoroli. Mama Nsia akasema moyoni, "Aa, kumbe! Ndiyo maana. Wameshamnunua." Tangu siku ile kila alipoliona lile duka akaliona na uso wa jirani yake dirishani. Na moyo ukishaanza kusoma uso wa mtu bila kumuuliza, wapendwa, hausomi mema.

Malalamiko ya mtaa yalipozidi, mwenyekiti aliitisha kikao uwanjani, meneja wa duka akaitwa. Watu walijaa. Meneja alikuja mwenyewe, mtu mpole, shati limelowa jasho, akakaa kwenye benchi la mbele kama mwanafunzi aliyeitiwa mzazi. Wengi walisema, lakini aliposimama Mama Nsia hata watoto walinyamaza.

"Meneja," alisema, "mimi sikutukani, maana wewe ni mwanangu. Nakuuliza jambo moja. Una mama?"

"Ninaye, mama."

"Kama mama yako angekuwa mgonjwa, amelala kitandani, na ukutani kwake linanguruma lile dude lako kutwa nzima, hata akitaka maji huwezi kumsikia, wewe ungelala usingizi?"

Uwanja mzima ukaguna. Wanawake walipiga makofi. Meneja akainamisha kichwa. Na pembeni kule, karibu na mlango wa ofisi ya mtaa, Mama Kundaeli alikuwa ameshika tama, macho yako chini.

Mwenyekiti akamwona. "Mama Kundaeli, wewe nyumba yako iko palepale, tena una mgonjwa. Huna neno?"

Akainua uso. Akamtazama Mama Nsia. Kisha akasema, "Sina neno, mwenyekiti. Wenzangu wameshasema."

Mama Nsia alihisi kama ametemewa mate. Mtu ana mama mgonjwa ndani, anaulizwa mbele ya kadamnasi, anasema hana neno! Walipokuwa wanatawanyika alimwambia mwenzake mmoja wa kwaya, kwa sauti ambayo haikuwa ndogo, "Mshahara wa mtoto umemziba mdomo. Kimya kingi kina mshindo, tutaona." Mama Kundaeli alikuwa anapita hapo nyuma. Alisikia, akashika njia ya kwao.

Na yule meneja? Nataka nimtendee haki. Alisema, "Wazazi wangu, nimesikia. Nipeni muda kidogo." Wengi walidhani ni maneno ya kutokea mlangoni. Lakini haukupita muda, spika zikaondolewa. Jenereta likahamishiwa upande wa barabara kuu na kujengewa kibanda cha zege. Malori yakaambiwa yasubiri jua lichomoze. Mtaa ukarudi kuwa mtaa. Watu walisikia tena jogoo, na jogoo mwenyewe alionekana kushangaa.

Mama Nsia alishukuru hadharani, Jumapili, mbele ya madhabahu, na watu walimshangilia. Ameshinda. Akarudi nyumbani, akaondoa mablanketi madirishani, akakaa sebuleni kwake. Halafu akaenda chumba cha nyuma akawasha sabufa ya shukrani. Kitufe cha sauti kilikuwa kimekaa palepale kilipokuwa wakati wa vita, na sikio lake lilikuwa limeshazoea. Hakukigusa.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike.

Jumamosi moja mchana, Mama Nsia alikuwa sebuleni anachagua mchele, kwaya imepamba moto huko nyuma, yeye anatikisa kichwa na ungo pamoja. Mara umeme ukakatika. Kwaya ikakatwa katikati ya neno. Lile jenereta la duka lilikuwa mbali sasa, limefungiwa zege, sauti yake haikufika. Kukawa kimya, kimya kile hasa alichokuwa akikililia.

Na ndani ya kile kimya, mlangoni, akasikia sauti ya mwanamke.

"Hodi."

Ilikuwa hodi iliyochoka. Mnaijua? Hodi ya mtu aliyeshaanza kugeuka kuondoka huku bado anaitamka. Mama Nsia aliweka ungo chini, akaenda kufungua, na kweli, alimkuta mtu ameshampa mgongo, anashuka kizingitini. Alikuwa Mama Kundaeli.

"Karibu," alisema, bila kuichangamsha sana.

Mama Kundaeli akageuka kwa mshtuko. "Ee! Leo umenisikia!"

"Kwani nimekuwa kiziwi? Umepiga hodi moja, nimeitika."

"Hiyo ilikuwa ya tatu, Mama Nsia."

Mama Nsia akatazama kule nyuma, kisha akamtazama jirani yake. "Na zile siku nyingine zote ambazo hukuja?"

"Nani hakuja?" Mama Kundaeli aliuliza, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwenzake zaidi. "Nimesimama kwenye kizingiti hiki mpaka mbwa wako amechoka kunibwekea. Napiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nasikia kwaya. Narudi. Kesho nakuja, nasikia mhubiri. Narudi. Nimepiga simu, inaita mpaka inakata. Nikasema basi, labda hataki. Jirani akikusikia akanyamaza, utamlazimisha?"

"Ulikuwa unataka nini?"

Mama Kundaeli akashika ncha ya kanga yake, akaikunja. "Nilikuwa nataka kukuomba upunguze."

"Nipunguze nini?"

"Redio yako, dada. Sisi lile duka hatulisikii. Nyumba yako imesimama katikati, inalizuia. Spika zao, jenereta lao, kwetu vilikuwa vinafika vimeshakufa. Kinachotufikia ni hicho cha chumba chako cha nyuma. Dirisha lako na dirisha la mama ni pua na mdomo. Mama sauti yake unaijua ilivyobaki. Anaomba maji, namwona midomo tu. Nakaa namtazama mdomo kutwa nzima, dada, kama bubu."

 Yale maneno yake ya uwanjani yalimrudia Mama Nsia yote, moja moja. Una mama? Hata akitaka maji huwezi kumsikia.

"Na kwenye kikao," alisema, sauti imepungua, "mwenyekiti alipokuuliza, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Mama Nsia? Nikutaje wewe, mbele ya mtaa mzima, mbele ya meneja? Wewe? Nikasema nitakuja kukuambia mwenyewe, mlangoni kwako, mimi na wewe. Nikaendelea kuja."

Wapendwa, huyu ndiye aliyeitwa amenunuliwa. Huyu ndiye aliyesemwa mdomo umezibwa. Alikuwa amemfunika mwenzake kwa kimya chake kama mtu anavyomfunika nduguye kwa kanga, na mwenzake akaiona ile kanga, akasema tazameni anavyoringa na nguo.

Mama Nsia alitaka kuomba radhi, lakini jirani yake hakumpa nafasi. "Hayo tutayasema. Leo nimekuja kwa jingine. Mama ameamka ana nguvu kidogo. Anakutaja jina. Anasema niitie yule wangu wa sauti ya pili, nina neno naye. Nikasema ngoja nijaribu tena. Twende, kabla hajachoka."

Wakapita kichochoroni, mmoja nyuma ya mwingine. Ndani kwa Mama Kundaeli, bibi alikuwa ameegeshwa kwenye mito, shuka safi, dirisha wazi. Alipomwona Mama Nsia upande mmoja wa uso ulicheka. Akanyoosha mkono ule mzima. Mama Nsia akapiga magoti pale kitandani, akaushika kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, mama. Nisamehe."

Bibi akatikisa kichwa, kwamba si hayo aliyomwitia. Akamvuta. Akamvuta karibu mpaka sikio la Mama Nsia likafika karibu na mdomo wake. Akavuta pumzi, kwa kazi kubwa, jinsi mtu anavyojikusanya kubeba mzigo. Midomo ikafunguka.

Na umeme ukarudi.

Ile sabufa hakuna aliyekuwa ameizima. Mama Nsia alikuwa ameondoka haraka, nani anakumbuka kuzima kitu ambacho hakilii? Kwaya ilirudi kwa nguvu yake yote, kupitia dirisha lile na dirisha hili, ikajaa chumba mpaka vikombe vikalia mezani. Ilikuwa ikiimba juu ya amani. Na kwa mara ya kwanza tangu anunuliwe sabufa ile, Mama Nsia aliisikia kutoka upande wa pili. Aliona midomo ya bibi inakwenda, taratibu, neno baada ya neno, macho yake yamemkazia yeye. Alimtazama Mama Kundaeli. Mama Kundaeli naye alikuwa anatazama midomo, kama alivyozoea.

Mama Nsia aliinuka, akakimbia. Ndala moja ilibaki kichochoroni. Aliingia chumba cha nyuma akaikamata waya, akaing'oa ukutani kwa mikono miwili. Kimya. Akarudi mbio akihema, akapiga magoti palepale, akaweka sikio.

"Mama, nimezima. Nimezima, mama. Sema sasa. Rudia, nakusikia."

Bibi alikuwa amelala kwenye mito yake, uso umetulia, kama mtu aliyetua mzigo alipotakiwa kuutua. Alifumbua macho kidogo.

"Nimeshasema," alisema. Akalala usingizi.

Naona mnanitazama. Mnataka kujua bibi alisemaje. Mama Nsia naye anataka kujua. Alikaa pale mpaka jioni, na kesho yake alikwenda tena, na siku zilizofuata. Bibi aliendelea kuishi, alimcheka kwa upande ule mmoja wa uso, alimbana vidole alipomwimbia polepole. Ila ile nguvu ya siku ile haikurudi, na lile neno hakulisema tena. Wenyewe wawili wakawa majirani kama zamani, chumvi inavuka kichochoro, Mungu ni mwema. Lakini kuna neno moja la mtu aliyempenda ambalo lilitamkwa karibu kabisa na sikio lake, naye hatalijua mpaka mbinguni.

Na kelele iliyomnyang'anya neno hilo haikuwa ya duka. Duka lilikuwa limeshanyamaza.

Sasa tuje kwetu sisi. Niwaulize taratibu, na msijibu kwa midomo. Yule meneja muuza sabuni, alipopigiwa hodi alisikia. Aliitwa, akaja, akakaa kwenye benchi la mbele, akahamisha jenereta. Mama wa sala, mama wa kwaya, hodi zilimchakalia mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu kelele ya duka kila mtu anajua ni kelele. Inauza mafuta. Yetu sisi ina jina zuri, ndiyo maana hatuishuku. Mwanamume anafanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya watoto, na watoto wanampigia hodi. Mama yuko kwenye vikao vyote vya usharika, binti yake yuko nyumbani na jambo ambalo hathubutu kulisema mara ya nne. Tunafunga, tunatoa, tunaimba, na ukutani kwetu mtu anatazama midomo ya mgonjwa. Tukimwona hasemi, tunasema ameringa. Tunasema amenunuliwa. Nyani haoni nini? Malizieni wenyewe, mimi niko madhabahuni.

Sisemi tuache kuimba. Mama Nsia hakuacha, aliimba vizuri zaidi alipoimba kitandani kwa bibi kwa sauti ya kawaida. Nasema tutoke nje siku moja, tuvuke kichochoro, tukasimame upande wa pili tujisikie wenyewe tulivyo.

Na tusiende mbali. Pale juu ya paa letu tumefunga spika za nje, tulichanga kwa furaha, nami nilizibariki. Zimetazama nyumba za watu. Nani kati yetu amewahi kutoka katikati ya ibada akasimama kwenye uchochoro wa nyumba hizo akasikiliza? Mlinzi wetu anasema kuna baba mmoja huja getini Jumapili. Husimama kitambo, mdomo unacheza kama anasema kitu, halafu huondoka. Sisi tulidhani anaona haya kuingia kanisani. Tukamwombea. Tena tulimwombea kwa kipaza sauti.

Fundi, zima za nje. Ndiyo, sasa hivi, usingoje tumalize.

Ahsante. Walioko karibu na mlango, ufungueni. Tukae hivi kidogo, wapendwa, bila kuimba. Na kama kuna mtu getini, aitikiwe karibu.